Sarafu ya Mwaka wa Nne

Jumamosi, saa tisa kasorobo alasiri, Sindano alikuwa amekaa kwenye cherehani yake karibu na dirisha, mguu juu ya pedali, na kwa nusu saa nzima hakuwa ameshona hata pindo moja. Gauni la mteja lilikuwa pale pale lilipokuwa tangu adhuhuri. Macho yake yalikuwa ng'ambo ya barabara, kwenye mlango wa kioo wa duka la fundi saa, na tuseme ukweli, hayakuwa yanatafuta kujua ni saa ngapi.

"Utalitoboa hilo dirisha," alisema mama yake kutoka kwenye meza ya kukatia vitambaa.

"Naangalia kama mvua itanyesha."

"Mvua gani na jua lote hili? Sema unaangalia kama yule daktari ameshafika."

Sindano alikanyaga pedali kwa hasira, uzi ukakatika, akaanza kuupitisha upya kwenye tundu. Jina la Sindano hakuzaliwa nalo. Alipewa na huyo huyo fundi wa ng'ambo, siku alipokwenda kuchukua saa yake ya mkononi akaikuta haijaguswa, akamtolea fundi maneno yake yote aliyokuwa nayo. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, lenzi imebanwa jichoni, kisha akacheka. "Mwembamba hivi, na unachoma hivi! Wewe ni sindano." Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa unamwita hivyo. Siku hizi hata mama mzazi alimwita hivyo, na miezi mitatu ilikuwa imepita tangu fundi amwambie kwamba anataka kumwoa.

"Kesho watu wake wanakuja kuchukua jibu," Mama aliendelea, akichomoa pini moja moja kutoka kwenye karatasi ya kipimo. "Mjomba wako amenipigia asubuhi anauliza aseme nini. Nimemwambia angoje kidogo. Mwanamume anayekutana kila Jumamosi na mchumba wake wa zamani, mimi simpi mwanangu. Nimeshasema na sirudi nyuma."

"Hawakutani, Mama. Wanapanga sarafu."

"Sarafu kumi na mbili! Wiki ya tano hii! Mimi ningezipanga nikiwa nimelala."

Sindano alitaka kumtetea mchumba wake, lakini aliishia kulinyoosha gauni la mteja, kwa sababu kila alilosema Mama yeye alikuwa ameshajisemea mwenyewe, tena kwa ukali zaidi.

Habari ya sarafu hizo aliijua nusu nusu. Zamani za kale alikuwapo mfalme aliyetawala miaka kumi na miwili, na kila mwaka alitengenezesha sarafu ya fedha yenye uso wake. Ukizipanga zote kwa mstari unamwona akizeeka: mwaka wa kwanza ni kijana mwenye shingo nene, mwaka wa kumi na mbili ni mzee aliyebonyea mashavu. Fundi Saa na Daktari wa Meno walizitafuta pamoja enzi za uchumba wao, wakatumia miaka minne, mpaka wakazikamilisha. Walipoachana walirudishiana kila kitu, barua, picha, hata pete, lakini mfalme hakuna aliyekubali kumwacha. Basi wakamgawana. Fundi akachukua miaka ya witiri, wa kwanza, wa tatu na kuendelea; Daktari akachukua ya shufwa, wa pili, wa nne na kuendelea. Kwa miaka sita kila mmoja alikuwa na nusu ya makunyanzi ya yule mzee.

Na sasa maktaba ya mji ilikuwa imetangaza maonyesho ya wakusanyaji. Daktari alipiga simu. Akasema ingekuwa dhambi mfalme aonyeshwe nusu. Fundi akakubali.

"Ni kwa ajili ya maonyesho tu, Sindano wangu," alimwambia. "Wiki moja, kisha kila mtu anachukua zake."

Hayo ndiyo aliyosema yeye. Lakini Sindano alikuwa na macho. Aliona jinsi Daktari alivyoacha kugonga mlango tangu Jumamosi ya pili. Alisikia jinsi alivyomwita Fundi "Saa Mbovu", jina la zamani, kwa kuwa eti alikuwa akichelewa kila miadi, na Fundi akaitika bila hata kushtuka. Tena kilikuwapo kile kioo cha kukuzia cha Daktari, chenye mpini wa pembe. Jumamosi ya tatu alikisahau mezani, akarudi Jumatatu kukichukua na kukaa saa nzima. Jumamosi ya nne akakisahau tena. Sindano alikuwa na pini mia tatu dukani kwake na hajawahi kusahau hata moja kwa mtu. Usahaulifu wa aina hiyo haukumwingia akilini.

Kilichomvunja kabisa kilitokea Jumamosi iliyopita. Alijikaza kisabuni akavuka barabara na chai ya vikombe vitatu, akijifanya hana neno. Aliwakuta wameinamia taa moja, vichwa vikikaribia kugusana, na zile sarafu sita za Daktari zimetandazwa juu ya kitambaa. Tano zilikuwa nyeusi nyeusi, zimefifia, za kijivu cha moshi. Moja iling'aa kama imetoka kutengenezwa asubuhi ile.

"Hii nayo," alisema Daktari taratibu, akaishia hapo.

"Mwaka wa nne," alisema Fundi.

Wakaitazama. Wote wawili wakaitazama mpaka chai ikaanza kupoa mkononi mwa Sindano, na katika nyuso zao akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona usoni mwa Fundi akimtazama yeye. Hakusubiri kuulizwa. Aliweka sinia, akasema ana mteja, akaondoka. Alilia kwenye chumba cha kujipimia nguo, amejifunika uso na koti la mtu.

Tangu hapo alikuwa na hakika ya jambo moja. Fundi aliipenda ile inayong'aa. Nusu ya Daktari ilikuwa na nyota yake, na nusu ya Fundi, ambayo karibuni ingekuwa ya nyumba yao, ilikuwa imejaa giza.

Sasa sikia balaa lilivyojileta lenyewe. Alhamisi Fundi alikuja na kisanduku cha mbao alichotengenezewa na seremala kwa ajili ya maonyesho, akamwomba Sindano akishonee kitanda cha mahameli cha kulazia sarafu, chenye vitundu kumi na viwili. Alimwachia na sarafu zake sita za kupimia.

"Zishike kwa ukingo tu," alisema. "Usoni usiguse. Unajua kwa nini? Kwa sababu ile rangi yake ya..."

"Nimesikia," Sindano alimkatiza. "Kwa ukingo."

Siku zote alikuwa akimkatiza. Fundi akianza tu habari za sarafu, Sindano alisikia sauti ya yule mwanamke ndani yake, akabadilisha mazungumzo. Hakutaka kufundishwa kitu ambacho mwingine alishafundishwa kabla yake.

Alikishona kitanda. Alikishona vizuri, maana mkono wake haujui kushona vibaya hata roho ikiwa imechafuka, ila katikati alipitisha mshono wa nyuzi mbili, mnene, sita upande huu na sita upande ule. Mpaka ni mpaka. Na Ijumaa mchana, Mama alipokwenda sokoni, alikata limau, akamimina magadi ya unga kwenye kisosi, akachukua kipande cha flaneli, akaanza kusugua. Hivyo ndivyo alivyokuwa akizing'arisha subana zake, vile vikofia vya kidoleni vya kushonea, na zilikuwa hazina mfano. Alisugua mwaka wa kwanza mpaka uso wa mfalme ukatoka gizani. Alisugua wa tatu, wa tano, wa saba. Alisugua akiimba. Alipomaliza wa kumi na moja aliziweka zote sita kwenye mahameli nyekundu, akarudi nyuma hatua mbili kuzitazama, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi moyo ulimtulia.

"Sita kwa moja," alisema kwa sauti. "Tutaona."

Gari la Daktari lilisimama ng'ambo saa tisa kamili. Akashuka, viatu virefu, kisanduku bapa kwapani, na akaingia bila kugonga.

"Huyo," alisema Mama.

Sindano aliinuka. Alijitazama kwenye kioo cha wateja, akaweka sawa kola ya blauzi aliyoishona kwa ajili ya siku hii, akachukua kisanduku cha mbao kwa mikono miwili.

"Mama, usimpigie Mjomba bado. Nipe nusu saa."

"Nusu saa ya nini?"

"Ya kumwonyesha mtu kwamba na mimi nipo."

Duka la Fundi Saa lilikuwa dogo, na kuta zake zote zilikuwa zinasema tik tak. Saa thelathini na kitu zilining'inia humo, hakuna mbili zilizokubaliana. Fundi alikuwa kwenye meza yake ya kazi, na Daktari alikuwa tayari ameketi kwenye kile kiti cha pili, kiti ambacho Sindano alikuwa amekinunulia mto.

"Bibi harusi mtarajiwa!" alisema Daktari, kwa tabasamu la mtu anayekuambia hutaumia. "Karibu. Saa Mbovu ananiambia umetushonea kitanda."

"Nimekishona," alisema Sindano. "Na nimezitengeneza kidogo. Nataka mzione wote."

Fundi alimtazama kwa furaha iliyokuwa imejaa usoni mwake bila kificho. "Alikaa nacho siku mbili," alimwambia Daktari. "Unajua mkono wake ulivyo."

Sindano aliweka kisanduku chini ya taa, akafungua kifuniko.

Saa ziliendelea na kelele zao. Sindano alikuwa anasubiri ule uso, ule wa Jumamosi iliyopita, na alipomtazama Fundi aliona damu yote imemtoka usoni. Mkono wake ulikuwa umesimama hewani juu ya mahameli, hauendi mbele wala haurudi.

Daktari alichukua kioo chake cha mpini wa pembe, akainama. Alikaa ameinama muda mrefu.

"Nani amezisugua?" aliuliza, kwa sauti ya chini kabisa.

Sindano alifungua mdomo.

"Mimi," alisema Fundi.

Sindano akageuka kumtazama. Fundi hakumtazama. Alikuwa amekaza macho kwenye meza, kwenye vile visukurubu vyake vidogo.

"Wewe?" alisema Daktari.

"Mimi. Juzi. Nilitaka zipendeze kwenye maonyesho."

Daktari alicheka mara moja, kicheko kikavu. "Wewe. Wewe unayenawa mikono mara mbili kabla ya kufungua kisanduku. Wewe uliyenifundisha kushika ukingo miezi miwili mizima, nikitumia vifungo vya nguo, kabla hujaniruhusu kugusa ya kweli. Wewe ndiye umezisugua. Kwa nini?"

"Nimekwambia. Zipendeze."

"Kwa nini, nauliza, yaani kwa kitu gani? Ulitumia nini?"

Fundi alisogeza kisukurubu kimoja kwa kidole.

"Bado zinanukia limau," alisema Daktari. "Hata uwongo wenyewe hujauandaa."

"Ni mimi," alisema Sindano. "Mimi ndiye niliyezisugua, Daktari. Ijumaa, dukani kwangu. Yeye hakujua. Na sioni ubaya wake uko wapi! Ya kwako ya mwaka wa nne inang'aa, mliikodolea macho wote wawili kama mnaona malaika. Nikasema na za kwake zing'ae. Kosa langu ni lipi?"

Daktari aliweka kioo chini. Tabasamu lake la kazini lilikuwa limekwisha, na bila hilo tabasamu alionekana mwanamke tu, aliyechoka, wa umri ule ule wa Sindano.

"Hakukwambia?"

"Alitaka kuniambia. Mimi sikutaka kusikia."

"Basi sikia kwangu. Ule weusi ndio ngozi yake. Inachukua mamia ya miaka kuota, na ukiimenya haioti tena, si wewe wala wajukuu wako watakaoiona. Unapoisugua unaondoka nayo, na unaondoka na makunyanzi, na nywele, na ule mstari mdogo wa pembeni mwa jicho. Tazama." Alielekeza kidole bila kugusa. "Mwaka wa kumi na moja huu. Alikuwa mzee. Sasa ni kijana asiye na uso."

Sindano alitazama. Kweli, mfalme alikuwa amebaki laini kama kifungo.

"Na ile ya mwaka wa nne?" aliuliza polepole.

Daktari alimgeukia Fundi. "Mwambie."

"Haina haja," alisema Fundi.

"Mwambie, au nimwambie mimi."

Daktari alifungua kisanduku chake bapa, akaitoa ile sarafu inayong'aa, akaishika kwa ukingo, kwa ncha za vidole viwili.

"Niliisugua mimi," alisema. "Kwa dawa ya meno, si unajua kazi yangu. Ilikuwa siku yake ya kuzaliwa. Nilitaka akiamka aikute inawaka. Tulikuwa tumebakiza wiki tano tuoane. Alipoiona hakugombana, hakupaza sauti. Alikaa siku tatu hanisemeshi. Siku ya nne akaja kuomba pete yake. Akaniambia hawezi kuishi na mtu asiyejua kuacha kitu kilivyo."

Saa mojawapo ya ukutani iligonga saa tano, nyingine ikaifuata na saa mbili. Hakuna aliyecheka.

"Sarafu moja," Daktari aliendelea, na sasa alikuwa anasema na Fundi peke yake, kama Sindano hayumo ndani. "Mimi nilisugua moja. Miaka sita najiambia basi, ndivyo alivyo huyu mtu, kwake hakuna mwanamke aliye mbele ya sarafu. Nikapata amani kidogo kwa hilo. Leo huyu amesugua sita. Sita! Na wewe, badala ya kununa siku tatu, unanitazama usoni unanidanganya ili nisimseme vibaya."

Akageuza uso upande wa ukuta, akajifanya anatazama saa.

Sindano alikuwa amekuja dukani mle akiwa amejiandaa kwa kila kitu, kudharauliwa, kuchekwa, hata kugombana. Hili hakuwa amejiandaa nalo. Yule mwanamke alikuwa anamwonea wivu. Wivu ule ule, ule wa kukunyima usingizi na kukufanya usahau cherehani, ulikuwa umekaa usoni mwa Daktari wa Meno, na Sindano aliutambua kila mkunjo wake.

"Sikujua kwamba unaumia," Fundi alimwambia Daktari.

"Hukuuliza."

"Nilikosa. Nilikosa siku ile, na nimekosa wiki tano hizi."

"Umekosa, ndiyo." Daktari alikuwa ameshaanza kufunga kisanduku chake. "Maktaba nitawapigia mimi. Haziwezi kukaa pamoja tena. Mfalme gani huyo, mwaka huu kijana, mwaka kesho mzee, mwaka keshokutwa kijana tena?"

Alikaribia kucheka. Kisha alimshika Sindano mkono, akaufungua, akamwekea kiganjani ile sarafu ya mwaka wa nne.

"Kaa nayo. Kwangu haina wenzake. Kwenu itawapata."

Akatoka. Kengele ya mlango ililia nyuma yake.

Sindano alibaki amesimama na sarafu mkononi. Fundi alikuwa amevaa lenzi yake, anazitazama zile sita moja baada ya nyingine, na kila aliyoitazama aliirudisha kwenye mahameli taratibu mno, kama mtu anayelaza mgonjwa. Sindano aliona machozi yamekusanyika chini ya lenzi, na, Mungu amsamehe, hata machozi yale aliyaonea wivu.

"Piga kelele," alimwambia. "Nifukuze. Kaa siku tatu usinisemeshe, lakini usikae hivyo."

"Sijui kupiga kelele."

"Nilidhani nakufurahisha."

"Najua."

"Si kweli. Nilidhani namshinda yeye."

Fundi alivua lenzi. "Hilo nalo najua. Nimeuona huo mshono wa katikati."

Sindano alificha uso kwa mkono. "Kwa nini ulisema ni wewe?"

Alifikiri kabla ya kujibu. Ndivyo alivyokuwa, hata kabla ya kufungua saa ya mkononi ya mtoto.

"Kwa sababu mara ya kwanza nilichagua sarafu," alisema. "Nikakaa nazo miaka sita. Ni nzuri, Sindano, sitakudanganya. Ila hakuna hata siku moja zimeniuliza kama nimekula." Aligusa ukingo wa kisanduku. "Hizi zitaniuma. Leo zitaniuma, na kesho mbele ya Mjomba wako nitakuwa na uso wa msiba, mniwie radhi. Lakini nikiumia, nataka niumie wewe ukiwa umekaa kwenye kile kiti."

Alielekeza kidole kwenye kiti cha pili. Sindano akakitazama. Na hapo, kwenye ukingo wa meza mbele ya kiti, akakiona kioo cha kukuzia chenye mpini wa pembe.

Alikitwaa, akafungua mlango, akakimbia.

Daktari alikuwa ameshawasha gari, kioo cha dirisha kimeshushwa, lakini hakuwa ameondoka. Alikuwa amekaa tu, mikono kwenye usukani, anatazama mlango wa duka. Sindano aliujua utazamaji ule. Alikuwa ameutazama mlango ule hivyo hivyo wiki tano zote.

"Daktari," alisema akihema. "Umesahau kioo chako."

Daktari alikitazama kile kioo, kisha akamtazama yeye. Macho yalikuwa mekundu, na ule ucheshi wake ulirudi kidogo kidogo.

"Nilikisahau makusudi," alisema.

"Najua. Ndiyo maana nimekimbia."

Walitazamana. Daktari ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha kweli safari hii, na Sindano akajikuta anacheka naye, ingawa hakuna aliyekuwa amemsamehe mwenzake kabisa. Daktari alikichukua kioo, akakitia kwenye mkoba, akavuta zipu mpaka mwisho.

"Msikilize akikueleza mambo," alisema. "Anachosha, lakini msikilize."

"Nitamsikiliza."

Ng'ambo ya barabara Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha cherehani, dirishani pale pale, simu sikioni. Nusu saa ilikuwa imekwisha. Alimpungia Sindano mkono, akanyanyua mabega kuuliza: Mjomba aambiwe nini?

Angeweza kutikisa kichwa tu, Mama angeelewa. Angeweza pia kusubiri avuke barabara. Lakini Sindano alijaza pumzi kifuani, akaifumbata sarafu ya mwaka wa nne kiganjani, akapaza sauti mpaka watu wa kituo cha mafuta cha jirani wakageuka.

"Mwambie ndiyo! Fundi ni wangu, mwambie ndiyo!"

Na alipaza kuliko ilivyohitajika, kwa sababu kioo cha gari la Daktari kilikuwa bado kimeshushwa.